Orodha Iliyoishia Mia Tisa Tisini na Tisa

Tarehe 11 Juni 1998, siku ya Alhamisi, tulimpoteza Idrisa Mbwana. Alikata roho alfajiri nyumbani kwake Mtoni, na ilipofika saa kumi jioni wanaume walikwisha rudi kutoka makaburini, wananawa miguu kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni. Pamoja naye tulipoteza karatasi za programu yetu, kurasa mia tatu na ushei, ingawa siku ile zilikuwa bado zipo. Nilikaa mkekani na akina mama, na kupitia mlango wa chumba cha ndani niliziona juu ya kabati, zimefungwa kwa kamba ya katani. Ningeweza kusema neno. Sikusema.

Nyie vijana mnaosomea kompyuta mmeniomba niwaandikie jinsi sisi tulivyofanya biashara ya programu huria hapa Temeke, wakati ambao hata neno hilo lilikuwa halijasikika. Nitawaandikia. Lakini mimi si msomi. Nimeishia darasa la saba, nikaongeza kozi ya kupiga chapa, basi. Mengi ninayoyajua niliyajua baada ya kukosea.

Mimi na Idrisa tulikuwa wafanyakazi wa shirika moja la umma. Mimi chumba cha wapiga chapa, yeye chumba cha kompyuta, ambacho ulikuwa huingii mpaka uvue viatu kama msikitini. Shirika lilipouzwa, tulipewa barua na mkono wa kwaheri. Yeye mafao yake akanunua kompyuta kuukuu, mimi nikaja na taipureta yangu, tukapanga fremu moja Tandika, kati ya kinyozi na fundi redio.

Siku moja akaja na mfuko wa viatu umejaa diskete. Binamu yake alikuwa baharia, ndiye aliyemletea kutoka Ulaya.

"Da Anje," akasema, "kuna watu huko duniani wanaandika programu, kisha wanaacha maandishi yake wazi kila mtu asome. Huu mfumo unaitwa Linux. Bure."

"Bure? Wanataka nini?"

"Wanataka ukirekebisha kitu, na wewe uache wazi wenzako wasome."

"Hao ni wamisionari?"

Alicheka mpaka kinyozi akachungulia. "Nyie watu wa bara, kila kitu misheni!"

Hiyo ndiyo biashara, na mpaka leo naona watu wanahangaika kuielewa. Programu haikuwa ya kuuza. Tuliuza mikono yetu: kuifunga kwenye mashine ya mteja, kumfundisha, kuitengeneza ikigoma, kuigeuza iseme Kiswahili. Ugumu ulikuwa kumfanya mteja aamini kitu cha bure. Mwalimu mkuu mmoja alizungusha diskete mkononi kama mtu anayekagua yai, akaniuliza, "Sasa hii ya bure ina kasoro gani?" Nikamweleza ruhusa iliyoandikwa na wenyewe, kwamba unaruhusiwa kutumia, kunakili na kubadilisha. Akasema, "Ruhusa ya serikali naijua, ina muhuri. Hii muhuri wake uko wapi?"

Tukaenda Kariakoo tukachonga muhuri. Idrisa akaifasiri ruhusa ile kwa Kiswahili, mimi nikaipiga chapa, tukagonga muhuri wa zambarau chini. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Nawaambia ukweli, muhuri ule ulituletea wateja kuliko mashine.

Kufasiri nako kuna mambo yake. Mfumo ule una amri ya kuiondoa kazi iliyokwama, na Idrisa akaiandika kwenye skrini vilevile ilivyo kwa Kiingereza, 'kill': Ua. Tukaipeleka zahanati. Sista Rehema, nesi wa pale, mwanamke mnene mpole wa Kigamboni, akaitazama skrini, akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Da Anje, hapa zahanati. Kuna mgonjwa kakaa nyuma yangu anasoma. Mie sibonyezi 'Ua'."

Tukabadilisha, tukaweka 'Simamisha'. Programu ya kununua ungemwandikia nani barua akubadilishie neno? Sisi tulifungua maandishi palepale, dakika kumi, kwisha. Zingatieni hilo.

Jingine la kuzingatia, mkipata bado mtu anayetumia diskete: joto la Dar linaziotesha ukungu. Sisi tuliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, chini mchele mkavu, kifuniko tukizungushia utepe. Na kila tulichobadilisha tulikichapa pia kwenye karatasi, zile ndefu zenye matundu pembeni, kwa sababu umeme ulikuwa wa mgao na mashine hazikuaminika. Idrisa alikuwa na kanuni: mteja akifungiwa programu, anaachiwa diskete yenye maandishi yote, na bunda la karatasi kabatini. "Mie nikigongwa na gari," alikuwa akisema, "mtu mwingine aje afungue kabati aendelee." Pembeni ya karatasi aliandika kwa kalamu ya wino si alichobadilisha tu, bali kwa nini. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umelala kulia.

Sasa nifike kwa Bosko.

Bosko alikuwa na duka la kunakili karatasi Kinondoni. Mteja wetu mmoja alimpa diskete yetu, naye akaijua kazi, maana alikuwa mtu wa akili. Tukasikia anawafungia watu programu yetu ya wagonjwa, ile Idrisa aliyoiandikia zahanati. Nikaenda mwenyewe. Nikaikuta kwenye skrini yake, na pale juu palipokuwa na jina la Idrisa, pameandikwa jina lake.

"Mwizi wewe!" nilisema, na duka lilikuwa na watu.

"Sista, nimeiba nini? Si humohumo mmeandika ruhusa kunakili?"

"Na jina la mwenyewe umelipeleka wapi?"

Hapo alitazama chini. "Jina nitalirudisha. Hilo nimekosa."

"Baki nalo. Ila usikanyage kwetu. Umesikia? Usikanyage."

Niliporudi Tandika nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia Idrisa kuanzia sasa maandishi hayatoki. Mteja apewe programu iliyokwisha fungwa, ifanye kazi bila maandishi yake, basi. Akatikisa kichwa.

"Da Anje, hawa walioandika wangefungia kabatini, sie tungekuwa wapi? Tumepewa kwa sharti."

"Nani atakuja Tandika kutukagua hilo sharti?"

"Hakuna."

"Basi."

Tulibishana juma zima. Hakuwa mtu wa kugombana, na mimi nilijua hivyo, nikatumia. Mwisho akasema, "Fanya unavyoona." Nikapita kwa wateja mmoja mmoja nikakusanya diskete na mabunda ya karatasi. Niliwaambia tunakwenda kuyaboresha. Ulikuwa uongo. Diskete nilizifuta tuzitumie kwa kazi nyingine. Karatasi nilizichoma nyuma ya fremu, nikabakiza bunda moja tu, lile lenye mwandiko wake, akalipeleka nyumbani Mtoni. Zahanati nikafika mbali zaidi. Sista Rehema alikuwa bado anaandika wagonjwa wake kwenye daftari kubwa pembeni ya mashine. Nikamcheka. "Sista, unapika kwa gesi huku umewasha na kuni?" Akaacha daftari.

Niwaeleze programu ile ilifanya nini, maana jambo zima liko hapo. Zahanati ilikuwa inatibu kifua kikuu. Dawa zake ni za miezi mingi, na mtu akishapata nafuu huacha, kisha ugonjwa unarudi na nguvu. Kila Jumatatu mashine ilikuwa inachapa orodha ya walioacha kuja, jina na mahali wanapokaa, na Sista Rehema anatoka kwa miguu kuwafuata majumbani. Kadi ya mgonjwa anakaa nayo mwenyewe. Akija, Sista anaandika jina lake, mashine inaweka alama. Kwa hiyo mashine ilimjua kila aliyekuja. Asiyekuja, ni ile orodha tu iliyomkumbuka; majina ya wote kwa pamoja mashine haikuwa na njia ya kuyaonyesha.

Mwisho wa mwaka 1997 Idrisa alianza kukonda. Miaka ile wengi walikuwa wanakonda, na hatukuwa tunataja. Akahamishia kompyuta yetu nyumbani ili afanye kazi akiwa amejilaza. Zikaja zile mvua kubwa, Mtoni ikajaa, maji yakaingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Wakambeba yeye kwanza, jambo lililo sawa. Kompyuta ililala majini siku mbili, pamoja na kopo la diskete, vyote vikaharibika. Karatasi zilikuwa juu ya kabati, zikabaki kavu.

Nilipokwenda kumwona akaniambia, "Zile karatasi zichukue, Da Anje." Nikamwambia, "Utapona, tutazichukua pamoja." Nilidhani namtia moyo. Kuzichukua niliona kama kumwambia nimeshakata tamaa.

Alipofariki nikawa sina mahali. Sikuwa mke, sikuwa dada, sikuwa hata wa dini yake. Nilikuwa mwanamke aliyefanya naye kazi miaka mitano kwenye fremu moja, na mnajua watu wanavyosema. Mkewe, Mama Salma, alinipokea vizuri, lakini alikuwa eda, amekaa ndani. Ningeanzaje kumwambia mjane, nipe vitu vya marehemu? Kwetu sote, bara na pwani, mtu anayeulizia mali ya maiti kabla machozi hayajakauka anajulikana ni mtu wa namna gani. Nikasema nitasubiri arobaini.

Arobaini nikaenda. Baada ya dua wakagawa vitu vyake. Shati hili la kaka yake, viatu hivi vya mjomba, redio ya Salma. Nikatazama juu ya kabati, karatasi zipo. Watu walikuwa wengi. Nikasema nitarudi siku yenye nafasi.

Mashine ya zahanati ilikuwa inaendelea kuchapa. Sista Rehema alinisimamisha njiani mwezi wa nane akiwa na furaha. "Da Anje, wagonjwa wangu wameshika adabu! Orodha ya Jumatatu ina watu wanne tu. Zamani nilikuwa natembea mpaka viatu vinalia." Nikafurahi naye. Nilirudi nyumbani nikajiona nimefanya kitu kizuri duniani.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mwanamke mmoja fundi cherehani, Mwajuma, aliletwa zahanati juu ya mkokoteni. Alikuwa hajala dawa wiki saba. Sista akatafuta orodha zote za Jumatatu, jina lake halikuwemo hata moja. Akachukua kadi mkononi mwake. Namba elfu moja na sita.

Akaniita. Nilikaa kwenye mashine ile kutwa nzima. Orodha ilikuwa inaanzia namba moja inakwenda, ikifika mia tisa tisini na tisa inasimama. Idrisa alipoiandika zahanati ilikuwa na wagonjwa wachache, akaweka nafasi ya tarakimu tatu. Kila aliyeandikishwa baada ya hapo, akija anaonekana, akiacha kuja hayupo. Wagonjwa hawakuwa wameshika adabu. Walikuwa hawaonekani.

"Tuwatafute mmojammoja kwa majina," nilisema.

"Majina yapi?" Sista Rehema akaniuliza. "Waliokuja nawaona. Ambao hawaji ndio nimewasahau, ndio maana kulikuwa na mashine."

Tukakaa kwenye benchi la wagonjwa tukijaribu kukumbuka. Yule kijana mwenye kovu, nani yule? Yule mama wa Vituka aliyekuwa anakuja na mtoto mgongoni. Tulipata tisa. Daftari lilikuwa limekoma pale nilipomcheka. Dawa ya yote ilikuwa kubadilisha mstari mmoja kwenye maandishi ya programu, na maandishi hatukuwa nayo.

Nikaenda Mtoni. Safari hii nilisema, eda au si eda. Mama Salma akashika kichwa.

"Zile karatasi ndefu? Da Anje, nilidhani takataka za ofisi. Upande mmoja mweupe, nikaona zisipotee bure. Nimempa jirani, anafungia karanga."

Muuza karanga alikuwa anakaa kituoni, kapu kwenye mapaja, na kwenye kapu vifuko vya karatasi vimejipanga kama vidole. Kwenye kimoja niliona matundu ya pembeni, na chini yake mwandiko mdogo umelala kulia. Nikanunua kapu lote.

"Una shughuli, dada?" akaniuliza.

"Ndiyo. Na ulizouza jana, umewauzia nani?"

"He! Nitajuaje? Wamekula wamekwenda zao."

Kwa juma tatu nilinunua karanga. Nilipita Mtoni, Tandika, Temeke Mwisho. Niliwapa karanga majirani mpaka wakachoka, nikanyoosha karatasi moja moja kwa pasi ya mkaa, mafuta yakaacha madoa, nikazipanga sakafuni kwa namba za kurasa. Nilipata themanini na mbili. Ule ukurasa wa orodha sikuupata. Niliupata unaofuata, na pembeni Idrisa alikuwa ameandika: *tazama maelezo ukurasa wa nyuma.*

Mkisoma hapo mnaweza kunihurumia. Msiharakishe. Siku ileile ya kwanza, nimekaa mbele ya mashine ya zahanati, jina la Bosko lilinijia. Bosko alikuwa nayo. Aliichukua wakati maandishi bado yako wazi, na mimi sikuweza kwenda kumnyang'anya kama nilivyowanyang'anya wengine. Nililijua hilo kabla sijanunua karanga hata moja. Nikalifukuza jina lake. Nilijiambia atakuwa ameivuruga, atakuwa ameifuta. Ukweli ni kwamba sikutaka kupita mlango ule nikiwa mwombaji, mbele ya watu. Juma tatu zilikwenda kwa sababu hiyo, si nyingine.

Karanga ziliponishinda, Jumamosi moja nikaenda Kinondoni.

Bosko alisimama aliponiona. "Karibu, sista. Pole kwa braza Idrisa. Nilisikia. Nilishindwa nije vipi."

Nikamweleza yote nikiwa wima. Hakunikatiza. Akavuta kiti nikae, akafungua mashine yake. Pale juu ya skrini jina la Idrisa lilikuwa limerudi, lake limekaa chini yake, dogo.

"Hiyo ya tarakimu tatu naijua," akasema taratibu. "Mie niliirekebisha mwezi wa tano. Mteja wangu wa Magomeni kadi zake zilipita elfu. Niliandika kabisa maelezo niwaletee."

"Mwezi wa tano Idrisa alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Mbona hukuleta?"

Alinitazama kwa mshangao, bila ubaya. "Si ulisema nisikanyage?"

Akatoa diskete kwenye mtoto wa meza. Kwenye bahasha yake kulikuwa na maelezo, upande wa mbele ameandika: *Kwa Idrisa na Da Anje.* Hakunitoza kitu. Akafunga duka lake, tukaenda zahanati pamoja, na haikuchukua hata nusu saa.

Nyie mtasoma vitabuni sababu nyingi za kuacha maandishi wazi. Mimi ninayo hii moja. Unapofunga mlango usiibiwe, na yule anayekuja kukuambia nyumba yako inaungua anakuta umefungwa. Baadaye nilipiga chapa upya programu yote kutoka kwenye nakala ya Bosko, nikarudisha diskete na karatasi kwenye kabati la kila mteja, nikawaambia kwamba nilikuwa nimewadanganya. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akauliza kama nakala hii mpya nayo ina muhuri. Mwajuma alipona, polepole, akarudi kwenye cherehani yake. Fremu ya Tandika niliishika miaka mingine michache mpaka mitaa ilipojaa maduka ya kompyuta, na Bosko ndiye aliyechukua wateja wangu, kwa ridhaa yangu.

Lakini Jumamosi ile, mashine ilipochapa, karatasi ilitoka ikaendelea kutoka. Majina thelathini na moja. Sista Rehema aliyasoma akiwa amesimama, na kwa kila jina alisema, "Eh, huyu. Eh, na huyu." Tukagawana mitaa, tukaona ni vigumu, tukaamua kwenda wote wawili, siku tatu mfululizo. Wengi tuliwakuta. Wengine walikuwa wamehama, wawili wamerudi kwao Rufiji. Mmoja alitufukuza, kesho yake akaja zahanati mwenyewe.

Siku ya tatu tulikuwa Kiwalani, karibu na ukuta wa uwanja wa ndege. Tulikuwa tunamtafuta Athumani, fundi baiskeli, miaka ishirini na nne, kadi namba elfu moja na kumi na moja. Mama yake alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Piteni."

"Shikamoo, mama. Tunatoka zahanati, tumemfuata Athumani."

Alitikisa ungo. "Athumani tumemzika Ijumaa ile iliyopita."

Tukampa pole. Sista Rehema akachuchumaa karibu naye, akamuuliza kwa sauti ya chini aliacha dawa lini.

"Siku nyingi. Mie nilimwambia, mwanangu, umekwenda kuchukua dawa? Akasema, mama, ukiwa bado mgonjwa wanakufuata. Si jirani yetu hapa, alikuwa akifuatwa kila mara? Nyie wenyewe mlikuja. Akasema, mie hawajanifuata hata siku moja, basi nimepona."

Nikamwambia mama yule kwamba Athumani hakupona, kwamba jina lake lilitakiwa litoke kwenye mashine halikutoka, na kwamba mashine ni yangu mimi na mwenzangu, na aliyefanya isitengenezeke ni mimi. Nilisema pia kwamba kulikuwa na mtu ambaye ningeweza kumwendea juma tatu nyuma, sikwenda. Sikujua kulisema vizuri. Nililisema hivyohivyo.

Ndege ikapita chini kabisa, mabati yakalia, hakuna aliyeweza kusikia neno. Mama yule alisubiri ipite. Kisha akauliza kama tumekula.

Nikasema bado. Akaweka ungo pembeni, akaingia ndani, akatoka na wali na maharage kwenye sahani moja kubwa, akaketi nasi, tukala.